Tamko la Wafanyakazi wa Ubora wa Ukanda wa Tegeta Kuhusu Shahada ya Uzamili kwa Walio Kazini

Tegeta, Kinondoni, Dar es Salaam

Sisi tunaofanya kazi ya ubora katika viwanda, maabara, zahanati, hospitali na maeneo ya ujenzi, kuanzia Kunduchi na Wazo hadi Boko na Bunju, tumeungana katika chama kimoja na tunatoa tamko hili kwa vyuo vikuu vya nchi yetu, kwa waajiri wetu, kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kwa wananchi wanaotumia bidhaa na huduma zinazopita mikononi mwetu kabla ya kuwafikia.

Tunachodai ni hiki: elimu ya uzamili katika usimamizi wa ubora ifundishwe kwa namna ambayo mtu aliye kazini anaweza kuisoma bila kuacha kazi, na ijengwe juu ya kazi hiyohiyo anayoifanya kila siku. Mengine yote yaliyomo humu yanatokana na dai hilo.

Mfanyakazi wa ubora ameajiriwa ili, siku ikibidi, aseme hapana. Anamwambia hapana meneja wa uzalishaji ambaye lori lake limeshapakiwa na dereva amewasha injini. Anamwambia hapana ofisa mauzo ambaye mteja wake anapiga simu kila baada ya dakika chache. Anamwambia hapana mkandarasi ambaye zege lake limeshapandishwa ghorofa ya tatu. Anaoshindana nao kwa hoja ni watu wenye vyeo kumzidi, wengi wao wana shahada za uhandisi au za biashara, nao wana sababu za kweli: mkataba una tarehe, benki inadai, mvua inakuja. Yeye mara nyingi ana stashahada ya maabara na bahasha yenye vyeti vya semina za siku tatu au tano. Neno lake likikosa uzito wa elimu, lori linaondoka.

Tunasema haya kwa kuwa tunayaishi. Wapo miongoni mwetu waliosaini karatasi ya kuzuia shehena, na kesho yake wakakuta imeruhusiwa na mtu mwingine. Wapo waliozuia wakiwa na haki lakini wakashindwa kueleza mbele ya kikao kwa nini sampuli tano zinatosha kuhukumu tani mia. Kushindwa kueleza kunahesabiwa kuwa ni kukosea, hata pale mfanyakazi alipoona sawasawa.

Tuchukue mfano wa saruji, kwa kuwa hapa kwetu mlima wa Wazo unaonekana kila upande na kiwanda chake kimekuwa kikizalisha tangu mwaka 1966. Saruji ya daraja la 42.5 inatakiwa kufikisha nguvu isiyopungua megapaskali 42.5, na nguvu hiyo hupimwa kwa kuvunja vipande vya mota vilivyokaa majini siku 28. Mfuko uliotoka kiwandani leo, baada ya siku 28 utakuwa umeshageuka tofali Bunju au nguzo ya nyumba Salasala. Katika kiwanda chochote cha saruji duniani, anayeruhusu mfuko utoke hana jibu la siku 28 mkononi. Ana jibu la siku ya pili, ana kemia ya klinka, ana kipimo cha ulaini wa unga, ana kiasi cha jasi kilichochanganywa, na ana kumbukumbu za miezi iliyopita. Kutokana na hayo anatakiwa kukadiria nguvu ya mwezi ujao, na akadirie kwa uhakika wa kutosha kumlaza mtu usingizi chini ya zege hilo.

Hiyo ni kazi ya takwimu. Inamtaka mtu atambue mtikisiko wa kawaida wa vipimo vya mtambo na autenge na dalili kwamba kuna jambo limebadilika. Mmarekani Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya udhibiti mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda vya simu, na chati hiyo hadi leo ndiyo chombo cha kwanza cha kazi yetu. Wengi wetu tumefundishwa kuijaza. Wachache tumefundishwa kwa nini mipaka yake haiwekwi kwa kufuata matakwa ya mteja, bali hutokana na mwenendo wa mtambo wenyewe. Asiyejua hilo ataurekebisha mtambo kila namba inapopanda au kushuka kidogo, na kila rekebisho litaongeza mtikisiko aliodhani anautibu. Kiwanda kinapoteza mafuta, umeme na malighafi kwa bidii ya watu wake wenyewe, na hakuna anayelala kazini. Hili halitibiki kwa semina ya siku tatu.

Hatuzidharau semina. Zimetufundisha kusoma vifungu vya ISO 9001, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1987 na linalojulikana zaidi kwetu ni la mwaka 2015. Wenzetu wa maabara wamefundishwa ISO/IEC 17025, wa hospitali ISO 15189, wa vyakula ISO 22000. Lakini semina nyingi zina lengo moja, nalo ni kupita ukaguzi. Mkufunzi anatoka mjini au nchi jirani, anafundisha namna ya kupanga nyaraka, anaondoka. Mkaguzi akija anakuta nyaraka zimepangwa. Baada ya miezi sita malalamiko ya wateja ni yaleyale, na mtu pekee anayebaki akijiuliza kwa nini ni yule wa ubora, ambaye hana wa kumuuliza.

Nchi hii ilianza zamani kujali jambo hili. Sheria ya viwango ilipitishwa mwaka 1975 na taasisi yake ikaanza kazi mwaka 1976, kisha ikapewa jina tunalolijua sasa la TBS. Sheria mpya ya viwango ilikuja mwaka 2009. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ukahamishiwa TBS, na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikawa TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria yake ya viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji mwaka 2006, ili alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Tanzania imeridhia pia Eneo Huru la Biashara la Afrika. Kila hatua kati ya hizi imeongeza kazi kwenye meza ya mfanyakazi wa ubora. Kisima cha elimu anachochotea hakijaongezwa kina kwa kasi hiyo.

Vipo vyuo ambavyo vimefanya sehemu yake, nasi tunavitaja kwa heshima. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, kimefundisha vizazi vya maofisa vipimo, na wengi wa wanaohakiki mizani zetu walipita pale. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina shahada ya uzamili katika ubora na usalama wa chakula. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimethibitisha kwamba mwalimu wa Kigoma na karani wa Temeke wanaweza kusoma hadi shahada ya uzamili wakiwa kazini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe wamezoea kufundisha shahada za uzamili za usimamizi jioni hapa jijini. Mtu wa ubora anayetaka kuendelea, huko kwenye usimamizi wa biashara ndiko anakoelekezwa mara nyingi. Anajifunza masoko, fedha na mikakati, mambo yenye manufaa, na ubora anaukuta kama mada ndani ya somo la uzalishaji. Anahitimu akiwa tayari kuwa meneja wa kitu kingine, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa: anapandishwa cheo, anahama idara, maabara inabaki na mtu mpya mwenye stashahada na bahasha ya vyeti.

Gharama ya pengo hili Afrika Mashariki inaijua. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Sangara waliokuwa wakisafirishwa kutoka Mwanza walikosa pa kwenda, viwanda vya minofu vikapunguza watu, na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa sumu wakauza kwa bei ya hasara. Soko lilipofunguliwa tena kwa Tanzania, Januari 2000, lilikuwa limefunguliwa na kazi ya ubora: mialo ikakaguliwa, mabaki ya sumu yakapimwa, viwanda vikafuata utaratibu wa kutambua na kudhibiti hatari katika kila hatua ya kuchakata samaki, na mamlaka moja ya serikali ikawajibika kuthibitisha yote hayo kwa mnunuzi. Watu waliofanya kazi hiyo walijifunza mengi wakiwa ndani ya moto. Tunajiuliza ni wangapi waliandika walichojifunza, na ni chuo gani kinakifundisha leo kwa kijana wa Mwanza au wa Tegeta.

Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kati ya wagonjwa 68 waliotambuliwa. Ilitoka kwenye mahindi yao wenyewe, yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu, kisha ikaruhusu baada ya siku chache kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Sehemu 10 katika bilioni! Sumukuvu haitawanyiki sawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote na punje nyingine elfu zikawa safi. Anayechota kiganja kimoja juu ya gunia na kupeleka maabara hajapima shehena, amepima kiganja. Namna ya kuchukua sampuli, ngapi, kutoka wapi, na kuzisaga vipi kabla ya kupima, ni elimu kamili ambayo uhai wa watoto na kipato cha mkulima wa Kibaigwa vinaitegemea. Hapa Tegeta tuna wasagaji na wafungashaji wadogo wa unga wa lishe. Wengi ni akina mama walioanzia jikoni mwao, na wanapohangaikia alama ya TBS wanatujia sisi kuuliza. Tunataka tuwajibu kwa elimu.

Na tunakumbuka tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi katikati ya jiji letu lilipoanguka na kuua watu 36. Tunakumbuka pia jengo lililoanguka Kariakoo, Novemba 2024. Mahakama na tume zina kazi yake ya kusema nani aliwajibika, nasi hatuingilii. Tunachojua kutokana na kazi yetu ni kwamba kati ya mchoro na jengo zipo mamia ya nafasi ambapo mtu mmoja mwenye elimu na mamlaka angeweza kusema simamisheni. Tunataka mtu huyo awepo, na akiwapo, asikilizwe.

Upo upande wa pili wa historia hiyo ambao unatupa moyo. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kuboresha mahali pa kazi, ambao ulikuwa umefanyiwa kazi hospitalini Sri Lanka kabla ya kuletwa huku na Wizara ya Afya ikisaidiana na shirika la Japani la JICA. Hatua zake tano zimebandikwa ukutani katika hospitali nyingi nchini: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kutoka Mbeya utaratibu ulisambaa kwenda hospitali nyingine za mikoa. Wauguzi waliopanga upya stoo za dawa hawakungoja vifaa vipya. Kilichowasukuma ni kufundishwa wakiwa wodini, juu ya kabati lao wenyewe, na kurudiwa na mwalimu baada ya muda kuona kilichobadilika.

Wajapani wenyewe walijifunza hivyo. Baada ya vita, umoja wao wa wanasayansi na wahandisi, ulioanzishwa mwaka 1946, ulianzisha kozi ya msingi ya udhibiti wa ubora mwaka 1949. Wahandisi hawakuachishwa kazi. Walikuja darasani siku chache kila mwezi, wakarudi viwandani kutumia walichofundishwa, wakaja tena mwezi uliofuata na data zao mkononi. Miongoni mwa walimu alikuwa Kaoru Ishikawa, ambaye mchoro wake wenye umbo la mfupa wa samaki tunauchora kila tunapotafuta chanzo cha kasoro. Mwaka 1950 alikuja Mmarekani W. Edwards Deming kuwafundisha takwimu, na mwaka 1954 akaja Joseph Juran kuzungumza na mameneja wao. Nchi iliyokuwa ikichekwa kwa bidhaa hafifu iligeuzwa na watu waliosoma huku mikono yao ikiwa bado kwenye mitambo. Anayetuambia kwamba shahada ya mtu aliye kazini lazima iwe dhaifu, tunamwomba aitazame historia hiyo.

Sasa tuseme tunataka nini hasa.

Kwanza, ratiba. Mwenzetu anayefanya kazi kwa zamu anaingia saa kumi na mbili asubuhi wiki hii, saa nane mchana wiki ijayo, saa nne usiku wiki inayofuata. Darasa la kila siku saa kumi na moja jioni pale Chuo Kikuu, Mlimani, halimfai. Hata asiye na zamu, akitoka kazini Bunju saa kumi na nusu, foleni ya barabara ya Bagamoyo itampokea Tegeta Kibaoni na kumsindikiza hadi Mwenge, na upanuzi wa barabara na ujenzi wa njia ya mwendokasi haujaiondoa. Atafika darasani limebaki nusu, na atarudi nyumbani saa nne usiku kwa daladala mbili. Maabara zetu zina wanawake wengi. Tunawajua waliopata nafasi ya kusoma wakaiacha muhula wa kwanza kwa sababu hiyo tu, na uwezo walikuwa nao. Tunaomba masomo yapangwe kwa awamu za siku chache mfululizo kila mwezi, pamoja na Jumamosi, na mihadhara irekodiwe ili mtu wa zamu ya usiku aisikilize akiwa amepumzika. Tunaomba vilevile mafunzo ya ana kwa ana yafanyike huku tuliko. Kumbi zipo Tegeta, shule zipo, na waajiri kadhaa wana vyumba vya mafunzo ambavyo mwisho wa wiki viko wazi.

Pili, na hili ndilo tunaloliwekea uzito kuliko yote, utafiti. Shahada ya uzamili katika mfumo wetu wa vyuo vikuu ina kredi zisizopungua 180, na kila kredi ni saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Mtu aliye kazini hawezi kuzipata saa hizo zote nje ya kazi bila kuharibu afya yake au ndoa yake. Lakini anatumia zaidi ya saa hizo kila mwaka akiwa mbele ya mtambo, akipima, akiandika, akitafuta kwa nini kundi la jana lilikuwa zuri na la leo lina kasoro. Tunaomba saa hizo zihesabiwe, kwa masharti magumu: msimamizi kutoka chuoni atembelee kiwanda, swali la utafiti liidhinishwe, data zihifadhiwe kwa utaratibu, matokeo yatetewe mbele ya jopo.

Maktaba za vyuo zimejaa tasnifu za ubora zilizoandikwa kwa dodoso. Mtafiti anawagawia wafanyakazi karatasi akiwauliza kama wanakubali, wanakubali sana au hawakubali kwamba mfumo wa ubora umeongeza ufanisi, kisha anahesabu majibu. Dodoso lina mahali pake. Lakini kwenye kabati hatua ishirini kutoka wanapolijaza wafanyakazi kuna daftari za miaka kumi zenye namba za kweli: uzito wa mifuko, unyevu wa unga, malalamiko ya wateja, saa mtambo uliposimama, vipimo vya damu vilivyorudiwa. Hakuna aliyezifungua. Tunataka mwanafunzi wa uzamili afunguliwe kabati hilo. Tasnifu yake ioneshe kasoro ilikuwa kiasi gani, imepungua hadi wapi, kwa kufanya nini, na kama imebaki chini baada ya miezi sita. Ikishindikana kupungua, aeleze kwa nini, na apewe alama kwa kueleza vizuri. Kazi ya namna hiyo ingemfaa mwajiri, ingemfaa mwalimu anayefundisha kwa mifano ya nchi nyingine, na ingemfaa kiwanda cha jirani.

Waajiri wanaogopa siri zao, na hofu hiyo ina msingi. Mchanganyiko wa malighafi ni mali. Kasoro iliyoandikwa inaweza kufika mikononi mwa mshindani au gazetini. Hilo linatatulika kwa mkataba kati ya chuo, mwajiri na mwanafunzi: jina la kiwanda lifichwe, namba zibadilishwe kwa kizidishi kimoja kisichoharibu uwiano, tasnifu ifungiwe kwa muda uliokubaliwa kabla ya kuwekwa maktaba. Jambo moja lisiwe ndani ya mkataba huo, nalo ni ruhusa ya kuficha hatari inayomkabili mlaji au mfanyakazi. Hapo sheria za nchi zitangulie.

Tatu, kinachofundishwa. Takwimu iwe uti wa mgongo, ifundishwe taratibu na kwa Kiswahili na Kiingereza kwa kadiri mwalimu atakavyoona wanafunzi wanaelewa. Sayansi ya vipimo ifuatie, kwa kuwa namba isiyo na kiwango chake cha shaka haina maana, na wengi wetu tumekuwa tukiripoti namba tupu. Sheria za viwango, za walaji na za usalama kazini zifundishwe na wanasheria. Gharama ya ubora duni ifundishwe na wahasibu, ili siku ya kikao tuweze kusema kasoro hii inakula shilingi ngapi kwa mwezi, lugha ambayo kila mkurugenzi anaisikia. Na yafundishwe mambo ya watu: namna ya kumweleza opereta kosa bila kumdhalilisha, namna ya kusimama mbele ya bosi. Hili la mwisho tunalisisitiza. Kasoro nyingi zinajulikana na mtu wa chini kabisa wiki nyingi kabla hazijajulikana ofisini, naye amenyamaza kwa kuwa mara ya mwisho aliyesema alipewa barua.

Nne, nani adahiliwe. Wapo wenzetu wenye stashahada ya juu na miaka mingi ya kazi, wanaowafundisha kazi vijana wenye shahada, ambao mlango wa uzamili umefungwa kwao. Nchi imekwisha kukubali kwamba ujuzi uliopatikana kazini unaweza kutambuliwa kwa kupimwa, na TCU ina utaratibu huo kwa wanaoingia shahada ya kwanza. Tunaiomba iangalie namna ya kuufikisha kwenye uzamili, kwa mtihani mgumu kadiri itakavyoona inafaa. Hatuombi mtu apewe shahada kwa umri wake kazini.

Tano, ada. Waajiri wanalipa kila mwezi tozo ya kuendeleza ujuzi kutokana na mishahara yetu, na sehemu yake imejenga vyuo vya ufundi vya VETA, jambo jema ambalo hatutaki liguswe. Tunaiomba Serikali itenge fungu katika tozo hiyo kwa ajili ya watumishi wanaosoma ubora wakiwa kazini, wagharimiwe kwa ushindani, na ripoti ya kila aliyegharimiwa ijulikane. Mwajiri aliyechangia ana haki ya kutaka mtumishi abaki kwa muda baada ya kuhitimu. Muda huo uwe wa haki na uandikwe kabla ya masomo kuanza. Mtu akishindwa kwa ugonjwa au uzazi, asigeuzwe mdaiwa.

Tunasikia swali, na ni la haki: je, kila mfanyakazi wa ubora anahitaji shahada ya uzamili? Hapana. Anayepima uzito wa mifuko anahitaji mafunzo mazuri ya mwezi mmoja na mizani iliyohakikiwa. Fundi maabara anahitaji stashahada iliyo imara. Lakini kila kiwanda cha kati, kila hospitali ya wilaya, kila maabara inayotoa cheti kinachovuka mpaka, kinahitaji walau mtu mmoja mwenye elimu ya juu kabisa ya fani hii, anayeweza kuwafundisha waliobaki na kujibizana na mkaguzi wa kigeni bila kukodi mshauri. Kwa sasa mshauri huyo hukodiwa, hulipwa kwa fedha za kigeni, na akiondoka anaondoka na alichojifunza kwetu.

Kuna jambo jingine linaloumiza. Mhasibu ana bodi yake, mhandisi ana bodi yake, ofisa ununuzi ana bodi yake, na bodi hizo humlinda anapokataa kusaini kisichofaa. Sisi hatuna. Kuianzisha ni safari ndefu ya kisheria na hatuiingizi katika madai ya leo, ila tunajua kwamba hakuna bodi iliyowahi kuundwa bila kuwapo kwanza kundi la watu wenye elimu inayofanana na yenye kupimika.

Wakati huu unafaa. Vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikipitia upya mitaala yao chini ya mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliopata dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na waajiri wanaitwa kutoa maoni. Dira ya Maendeleo ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na nchi imejiwekea shabaha za uzalishaji ambazo haziwezi kufikiwa kwa bidhaa zinazorudishwa mpakani. Tunaomba vyuo vinapowaita wakurugenzi na mameneja rasilimali watu kwenye vikao vya mitaala, viwaite pia watu wa maabara na wa sakafu ya kiwanda. Tutakuja. Tutakuja na daftari zetu.

Kwa upande wetu tunaahidi yafuatayo, na tunataka tupimwe kwayo. Wanachama wenye uzoefu watakuwa wasimamizi wa wanafunzi mahali pa kazi bila kudai malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Tutazungumza na waajiri wetu mmoja mmoja kuhusu kufungua kumbukumbu kwa ajili ya utafiti, na tutavipa vyuo orodha ya waliokubali. Tutaandaa mifano ya mafunzo kutokana na kazi zetu, kwa Kiswahili, tukificha majina pale inapobidi, na tutaigawa bure kwa chuo chochote kitakachoiomba, cha umma au cha binafsi, cha Bara au cha Zanzibar. Na wale watakaokuwa wa kwanza kuhitimu watawajibika kuwafundisha wafungashaji wadogo wa ukanda huu namna ya kuchukua sampuli na kutunza kumbukumbu, kila mmoja akipewa kikundi kimoja cha kukilea hadi kipate alama ya ubora.

Tunaviomba vyuo vikuu vilivyoko Dar es Salaam, Morogoro na Zanzibar vitujibu kwa maandishi kabla ya mwaka ujao wa masomo kufunguliwa: chuo gani kiko tayari kuanza, kwa ratiba gani, na kinahitaji nini kutoka kwetu. Chuo kitakachojibu kwanza tutakipokea Tegeta, tutakizungusha katika maeneo yetu ya kazi, na kikao cha kwanza cha kupanga mtaala kinaweza kufanyika wiki hiyohiyo.

Limetolewa Tegeta kwa niaba ya wanachama wote.

Mwenyekiti na Katibu